Hashiru Kashusha Gari

Nina nyumba mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, na kwenye chumba cha uani anakaa kijana anaitwa Hashiru. Sikumtafuta, lafudhi ndiyo iliyomleta. Alikuja kuulizia chumba, akafungua mdomo kusema shikamoo, nikajua huyu katoka Muleba kama mimi. Mhaya hamfukuzi Mhaya mwenzake ugenini, hata kama yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkatoliki wa kuhesabiwa kwenye jumuiya. Tangu siku hiyo ananiita mama. Jina langu ni Stellamaris, ila mtaa unaniita Mama Castory, na mtaa unajua kwamba Mama Castory hachelewi kuchemka.

Hashiru ni karani serikalini, mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Hanywi, hapigi kelele, hajui kusema uongo hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Udhaifu wake ni mmoja tu, ile RAV4 yake kuukuu ya rangi ya fedha. Kila asubuhi analiosha gari kabla hajaoga mwenyewe. Wahaya tunasemwa kwamba tunajisikia, na wanaotusema hawajakosea sana, lakini Hashiru anajisikia kwa niaba ya gari.

Basi kijana akampenda Faudhia, mwalimu wa chekechea hapa Kibaha, mtoto wa Vihingo kule Kisarawe. Wazazi wa Hashiru wako mbali na baba yake anaumwa, kwa hiyo nilikwenda kuposa mimi, nikiwa nimevaa mtandio kwa heshima ya watu. Mshenga wetu alikuwa Mzee Badru, jirani yangu, dereva mstaafu wa malori. Kule tulipokelewa na Mzee Mwinyimadi, mjomba wa Faudhia, ndiye msemaji wa familia. Lakini mwenye neno alikuwa mama wa huyo mjomba, Bibi Tatu, aliyemlea mjukuu wake Faudhia tangu akiwa mchanga. Huyo bibi hakunyanyuka kwenye mkeka wake hata mara moja. Alitujibu salamu vizuri, kisha akawa analitazama lile gari la Hashiru tulilokwenda nalo, pale nje, analitazama tu, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

Baada ya siku chache Mzee Mwinyimadi akampigia Mzee Badru. Jibu lilikuwa fupi. "Mama anasema gari lile yeye hapandi. Na kama yeye hapandi, binti hatoki. Njooni tena Jumamosi ya wiki ijayo, lakini mje na maneno mengine."

Hashiru alipoletewa habari hiyo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akashika kichwa. "Wamelidharau gari langu, mama," alisema. Mimi nilikasirika mpaka sufuria likaungua. Bibi kizee wa Vihingo, hana baiskeli, eti anachagua gari la kupanda. Nilimsema yule bibi jikoni, nikamsema bombani, nikamsema njiani naenda kanisani, na nilipotoka kanisani nikaendelea nilipoishia.

Mwenye dawa akajitokeza. Alikuwa Lusajo, Mnyakyusa mmoja anayefanya kazi na Hashiru ofisini, fundi aliyesomea kwenye simu. Lusajo alilizunguka gari akiwa amefunga mikono mgongoni. "Kaka, tatizo nimeliona," alisema. "Gari lako limesimama juu kama mtu aliyeshtuka. Tulishushe. Likilala chini kidogo hawatalijua, wataona gari jipya." Kulishusha maana yake ni kutoa springi ndefu za kiwandani na kuweka fupi. Fundi wa kweli alipoulizwa bei, Hashiru alicheka kwa adabu akaaga. Wakapata springi fupi za mtumba kwa mtu wa Mlandizi, zilizotoka kwenye gari dogo kuliko RAV4. Niliuliza kama gari kubwa linavaa springi za gari dogo. Lusajo akaniambia, "Mama, hata wewe viatu vya Castory si vinakuingia?" Castory ni mwanangu, na ni kweli vinaniingia, lakini vinaniuma.

Kazi waliianza Jumamosi mimi nikiwa jumuiya. Niliporudi nilikuta RAV4 iko hewani katikati ya uwanja wangu, magurudumu yametolewa, na ubavu mmoja umekalia kinu changu. Kinu cha mninga, nilikifuata mwenyewe Dutumi kwa fundi seremala, nikakirudisha nimekipakata kwenye pikipiki. Wamekigeuza chini juu.

"Nani kakiweka hapa?" niliuliza.

"Tofali linaweza kupasuka, mama, likatuua," alisema Hashiru kutoka chini ya gari. "Kinu hakipasuki."

"Na mimi nitatwangia nini kisamvu, kichwa chako?"

Akajivuta ndani zaidi chini ya gari. Nilitaka kumwamuru akitoe sasa hivi, kisha nikaona akikitoa sasa hivi nitabaki bila mpangaji. Nikaenda kukaa kibarazani na kisamvu changu hakijatwangwa, kisirani kimenipanda, niwaangalie.

Mimi si fundi, ila niliona kwa macho yangu jambo hili: springi ya gari ni kitu chenye hasira. Imebanwa miaka yote inabeba mzigo, na ukiifungua ovyo inakulipiza wewe. Mafundi wana kibanio chake cha chuma. Lusajo hakuwa nacho. Yeye aliifunga springi kwa waya wa kufungia nondo gari lingali chini, halafu ndipo wakainua. Ya kwanza ikatoka salama, ya pili salama, ya tatu Lusajo akaanza kupiga mluzi. Ya nne ilikata waya. Nilisikia mlio, nikaona kitu kimepita juu ya kamba ya nguo kikaingia banda la kuku kupitia paa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ingawa kilipita karibu kabisa na sikio la Hashiru. Kuku wote walitoka nje wakasimama wanatutazama. Hawakutaga mwezi mzima.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho," alisema Lusajo, kama vile alipanga.

Springi fupi ziliingia bila ugomvi, maana hata kubanwa hazikuhitaji. Magurudumu yakarudi, kinu kikatolewa, nikakipokea nikakikagua kama mtoto aliyetoka kupigana. Kisha Hashiru akafungua jeki taratibu. Gari likashuka. Likashuka. Tukadhani limefika, likaendelea kushuka. Lilipotulia lilikuwa chini kuliko jeki yenyewe, na jeki imebanwa humo ndani haitoki. Jeki ilikuwa ya Mzee Badru, jeki ya lori, na Mzee Badru anaipenda kuliko jamaa zake. Ikabidi wachimbe shimo chini ya gari, kwenye uwanja wangu niliokuwa nimeufagia asubuhi, ndipo ikatoka.

Lakini Hashiru hakuona shimo wala kuku. Alisimama mbali, akainama, akatazama lile gari lililolala chini, na uso wake ukang'aa. Siku zote za posa ile sikuwa nimemwona amefurahi, na hasira zangu zikapungua nusu. Akachukua simu palepale kumpigia Faudhia. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mpenzi, nimeshusha gari."

Kule upande wa pili kikapigwa kigelegele, kirefu, mpaka nikakisikia pale nilipo. Nikashangaa. Nikasema moyoni, huyu binti ana mapenzi ya kweli, mtu kupigia vigelegele springi.

Siku mbili baadaye Mzee Badru akaja kwangu na simu mkononi, uso umemshuka. Mzee Mwinyimadi alikuwa amempigia. "Mama Castory, kaniambia hongereni, wamesikia kijana kashusha gari. Kaniuliza ni la rangi gani. Nikamwambia la fedha. Akaniuliza, kama lile la zamani? Nikamwambia, kama lilelile. Akasema kijana ana msimamo."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini. Kwetu huku mtu akisema kashusha gari, maana yake ni moja: kaagiza gari, limefika kwa meli, kalishusha bandarini. Kashusha gari, kashusha mjengo, ni maneno ya mtu aliyefanikiwa. Hakuna mtu mwenye akili zake anayesikia hivyo akafikiria springi. Kijiji kizima cha watu kilikuwa kinasubiri gari jipya, na sisi tulikuwa na gari lile la zamani, limepungua kimo.

Nilimfuata Hashiru nikamwambia apige simu aseme ukweli. Alitazama chini. "Nitawaeleza nikifika, mama. Kwenye simu wanaweza kusema tusiende kabisa." Niliona kweli anaogopa. Nikanyamaza, ingawa kunyamaza kunanidhuru afya.

Jumamosi tulitoka mapema, Hashiru kwenye usukani, Mzee Badru mbele, mimi nyuma na kikapu cha zawadi. Kwenye lami kila tuta tulilipita kwa kuomba. Gari lilikuwa linakwaruza tumbo, krrr, na kila krrr Hashiru anafumba macho kama anayechomwa sindano. Tulipopita Kisarawe mjini tukaacha lami, na njia ya Vihingo mnaijua au hamuijui, ni mifereji miwili ya mchanga iliyochimbwa na malori ya mkaa, na katikati tuta la nyasi. Nyumba ya Mzee Mwinyimadi ilikuwa tayari inaonekana. Watu wamejaa uani, akina mama wamevaa sare. Wakatuona, kigelegele kikaanza, na palepale gari likapanda lile tuta la nyasi likakaa. Magurudumu yakazunguka bure. RAV4 ilikuwa imelala kifudifudi kama kuku anayeatamia, na kigelegele kikakatika njiani.

Walikuja kutufuata. Mzee Mwinyimadi akiwa mbele, kanzu nyeupe, kofia mpya. Nyuma yake Faudhia, mzuri kama nini, na kijiji. Wakalizunguka gari. Mtu mmoja akasoma namba zake kwa sauti, na wote wakazitambua. Mzee Badru alifungua mlango akashuka, au niseme alipanda, maana mguu wake ulikuta ardhi iko juu kuliko alivyotarajia. Salamu ziliitikiwa kwa baridi.

"Tuliambiwa umeshusha gari," alisema Mzee Mwinyimadi.

"Ndiyo, mzee. Nimelishusha."

"Bandarini?"

"Hapana, mzee."

"Sasa umelishusha kutoka wapi?"

Hashiru akalitazama gari. "Kutoka juu."

"Juu wapi?"

"Pale lilipokuwa mwanzo." Akaonyesha kwa mkono. "Lilikuwa hapa. Sasa liko hapa."

Mzee Mwinyimadi alitazama ule mkono ulipokuwa juu, akatazama ulipokuwa chini. "Kwa hiyo ni lilelile."

"Ni lilelile, mzee. Ila fupi."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Faudhia alijifunika uso na mtandio, mabega yanatetemeka. Mzee Mwinyimadi akamgeukia mshenga wetu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi. "Mzee Badru, tumealika watu. Tumeaibika wote, nyinyi na sisi. Nadhani mambo haya tuyaache yaishe hapa." Nilimtazama Hashiru, mtoto wa watu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, amesimama na mkono wake bado uko chini pale alipoonyesha. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Na hata kuondoka kwa heshima tusingeweza, maana gari lilikuwa limekwama.

Watu wakapisha. Bibi Tatu alikuwa anakuja. Anatembea na fimbo, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, goti limefungwa kitambaa. Akafika kwenye gari anahema. Tukampa shikamoo, akaitika marahaba, akatafuta pa kukaa. Hakuna aliyekuwa ameleta kigoda. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kama alivyouacha Mzee Badru. Bibi akaweka mkono kwenye kiti, akakibonyeza. Akageuka, akateremsha makalio taratibu, akakaa. Kisha akavuta mguu mmoja ndani, akavuta na wa pili, akaweka fimbo katikati ya magoti.

Watu wakasogea karibu. Mzee Mwinyimadi alikuwa amefungua mdomo. "Mama," alisema, "umepanda gari."

"Sijapanda," alisema bibi. "Nimekaa. Gari nalijua miye, lazima ulipande. Hiki ni kigoda."

Kisha akatuambia, sisi wageni tusiojua. Masika yaliyopita aliugua, wakampeleka hospitali Kisarawe kwa pikapu. Hilo goti halikunji. Wanaume wanne walimnyanyua wakamtupia nyuma kama gunia la mkaa, yeye huku, khanga yake kule, na kijiji kinatazama. Akaapa hapandi gari tena maisha yake. "Lile la kijana nililipima pale mlangoni, nikaona goti langu halifiki. Na Kibaha haifikiki kwa miguu. Mkimpeleka mjukuu wangu mahali ambako siwezi kumfuata, mmemzika. Ndiyo maana nikasema, gari lile miye sipandi."

Mzee Badru akanitazama, nami nikamtazama. Bibi hakuwa amelidharau gari. Alikuwa anatuambia habari za goti lake, na sisi tukasikia majivuno kwa sababu majivuno ndiyo tuliyokuwa nayo masikioni. Yale yote niliyomsema bombani na njiani kanisani yakanirudia, nikaona aibu, nikainama kupanga kikapu ambacho kilikuwa kimepangika.

"Weye ndiye uliyelishusha?" bibi akamuuliza Hashiru.

"Ndiyo, bibi. Mimi na rafiki yangu."

"Nani alikwambia habari ya goti langu?"

Nilikuwa nyuma ya Hashiru. Nikamtia kidole mbavuni, nikimaanisha, sema neno la maana, sema uliota, sema malaika. Lakini nilishasema, mtu huyu hajui uongo.

"Hakuna aliyeniambia, bibi. Nilidhani unalichukia kwa ubaya wake. Nilitaka lipendeze."

"Na likapendeza?"

"Nilidhani hivyo, mpaka hapa njiani."

Bibi Tatu alicheka. Alianza polepole, kicheko kikapanda, akacheka mpaka akashika dashibodi. Faudhia akatoa mtandio usoni, na kumbe naye muda wote ule alikuwa anacheka, hakuwa analia. "Mwinyimadi," bibi alisema akijifuta macho, "nyinyi wanangu mlipoona sipandi, mkatafuta wanaume wa kuninyanyua. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kulishusha gari. Huyu kafikiria kwa bahati mbaya, lakini kafikiria. Wape watu jibu lao, miye nina njaa."

Jibu likatolewa palepale njiani, na kigelegele kilichokatika kikaunganishwa.

Ikabaki kazi ya kulitoa gari. Wakamwomba bibi ashuke kidogo lipate kuwa jepesi. Akakataa. "Nikitoka mtaniambia niingie tena." Akafunga mlango mwenyewe. Ikabidi wanaume wa Vihingo waingize mikono chini ya bampa, Hashiru upande mmoja na Mzee Mwinyimadi upande wa pili, kanzu imekunjwa mpaka kiunoni, walibebe lilivyo. Mwanamke aliyeapa kwamba wanaume hawatamnyanyua tena alinyanyuliwa siku ile na kijiji kizima, khanga imetulia mapajani, anapunga mkono dirishani.

Ndoa ilifungwa kulekule Vihingo baada ya mwezi wa Ramadhani. Kabla ya hapo Lusajo alijitolea kurudisha springi ndefu, hata ile ya banda la kuku nikamtolea. Hashiru akakataa. Sasa hivi gari linakwaruza kutoka hapa mpaka Kisarawe na kurudi, kila bibi anapokwenda kliniki, na Hashiru hafumbi tena macho. Kinu changu kinakaa kwenye buti ya gari, maana kuna siku jeki haiingii, watu wakalinyanyua kwa mikono, na kinu ndicho kinacholishikilia. Nilinunua kingine.

Siku ya kumleta bibi harusi Kibaha, kiti cha mbele kilikuwa na mwenyewe. Faudhia alikaa nyuma, amebanwa kati yangu na Mzee Badru, shela limenijaa usoni. Tulipofika tuta la kwanza la lami, Hashiru akasimamisha gari akageuka. "Naomba radhi," alisema. "Uzito." Tukashuka, mimi, mshenga na bibi harusi na shela lake, tukavuka tuta kwa miguu huku watu wa dukani wanatupigia makofi, tukapanda ng'ambo. Tuta la pili vivyo hivyo. Mpaka Picha ya Ndege tulishuka kila tuta, na Bibi Tatu hakushuka hata moja.